Muuguzi wa kuja nyumbani, Bukavu: uzoefu wangu baada ya binti yetu kupasuliwa fuvu

Kama mtoto wako anatoka hospitali na nyuzi kichwani na unaishi huku juu kwetu Kadutu, tafuta muuguzi wa kuja nyumbani. Mimi ningemwita wetu tena bila kusita.

Binti yetu wa miaka 6 aligongwa na pikipiki, mfupa wa fuvu ukabonyea, munganga (daktari wa hospitali) akaupasua na kuuinua. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni vichochoro na ngazi za udongo. Kumpandisha kwenye moto (pikipiki ya abiria) kila bandeji inapotaka kubadilishwa kungekuwa kumtafutia balaa jingine.

Kidonda muuguzi alikihudumia vizuri: ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote, anavaa glavu mpya, anafungua gozi mbele ya macho yetu. Lakini nilichothamini zaidi ni jinsi alivyotufundisha kumtazama mtoto. Kope kuvimba, kichwa kuuma kidogo, kuchoka upesi, ngozi kuwasha kandokando ya mshono, hayo alisema ni ya siku za mwanzo na lazima yaende yakipungua. Mengine hayangojei asubuhi: homa ya nyuzi 38 na zaidi, usaha, kutapika tena na tena, degedege, mtoto kuwa mgumu kuamka au kuongea mambo yasiyoeleweka. Na maji maangavu yakichuruzika kidondani au puani, hata kama mtoto anacheka, kwa sababu yanaweza kuwa yale yanayouzunguka ubongo. "Hapo musinipigie mimi kwanza," alituambia, "mushike njia ya hospitali." Niliyaandika yote kwenye karatasi, nikaibandika mlangoni, na usiku nililala kwa sababu ya ile karatasi.

Dawa ya maumivu ni parasetamoli, kipimo kwa uzito wa mtoto, saa ya kila dozi inaandikwa. Muuza dawa wa mtaani alitaka kutuongezea ibuprofeni. Muuguzi akakataa, akasema hiyo na aspirini hazipewi mtoto huyu bila neno la munganga.

Mama mkwe wangu alikuja na mafuta ya mawese na majani ya kusaga. Nilijua sitaweza kumkatalia. Muuguzi alimketisha, akamshika mkono: "Mama, kidonda hiki kinataka kukauka, mafuta yatakilainisha. Wewe tusaidie kumlisha." Tangu hapo uji na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, vilikuwa kazi ya Mama, na hakuna aliyeumizwa moyo. Heshima ile sikuitegemea, na kwa familia zetu ni nusu ya matibabu.

Nywele hatukusuka hadi kidonda kilipofunga kabisa. Akitoka juani, kofia laini ya pamba. Kukimbia, kuruka na mpira ni mpaka munganga aruhusu. Hilo ndilo lililotushinda zaidi, maana kaka zake hawatulii. Muuguzi aliwapa wao zamu ya kumlinda, na walijivuna.

Upungufu upo. Jumapili haji, na mvua kubwa ikinyesha anachelewa sana. Malipo ni kwa kila ziara, na nauli ya moto huambiwi mpaka uulize, kwa hiyo patana naye yote mapema, hasa kama unakaa mbali kama Bagira. Muulize pia kama anapokea simu usiku. Wetu alipokea.