Mihadhara ya Wazi ya Zama za Kati: Tathmini ya Mhudhuriaji

Kwa muhula mzima nimehudhuria mihadhara ya wazi na warsha ambazo idara ya taaluma za Zama za Kati (takriban mwaka 500 hadi 1500) ya chuo kikuu kimoja huwaandalia watu wasio wanafunzi wake. Hakuna kiingilio, wala mtu haulizwi amesoma hadi wapi. Jioni hizo zinastahili kuhudhuriwa, ilimradi mtu achague vyema, kwa kuwa tofauti kati ya mhadhara mzuri na mbaya ni kubwa mno.

Ulionivutia zaidi ulihusu tauni iliyoikumba Ulaya kati ya 1347 na 1351. Mhadhiri hakuishia kutaja wingi wa waliokufa. Alitueleza jinsi wataalamu walivyopata vinasaba vya bakteria wa tauni ndani ya meno ya watu waliozikwa East Smithfield, London, wakati wa maradhi hayo, hata mwaka 2011 wakachapisha jenomu yake, yaani mpangilio mzima wa vinasaba vyake. Kabla ya hapo walikuwapo wanazuoni walioshikilia kwamba ugonjwa ule haukuwa tauni hata kidogo, na ilipendeza kufuatilia, hatua kwa hatua, namna jino lilivyoingizwa kwenye ubishi wa wanahistoria.

Jioni ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14, nayo ilifuata njia hiyo ya kupima ushahidi. Msafiri huyo alifika Kilwa mwaka 1331, lakini simulizi ya safari zake, aliyoiandika Ibn Juzayy kwa kumsikiliza, ilikamilika mwaka 1355. Je, mtu hukumbuka nini baada ya zaidi ya miaka ishirini? Maswali yalikuwa mengi kiasi kwamba mlinzi alikuja mara mbili kutukumbusha kufunga ukumbi, na kwa maoni yangu nusu saa hiyo ya maswali ilizidi mhadhara wenyewe kwa thamani.

Warsha ya hati za kale ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo. Tulipewa vipande vya ngozi ya ndama iliyolowekwa kwenye chokaa, ikakwanguliwa na kukaushwa ikiwa imewambwa kwenye fremu, tukafundishwa kutambua kwa vidole upande uliokuwa na manyoya na ule uliogusana na nyama. Wino ulichanganywa mbele yetu kwa vinundu vya mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga; unapoandika huwa hafifu, kisha hukolea weusi kadiri unavyopata hewa. Kalamu ya unyoya ilinishinda kabisa (mwandiko wangu ni mbaya hata kwa kalamu ya kawaida), lakini tangu siku hiyo sishangai tena kwamba kitabu kimoja kiliweza kumchukua mnakili miezi mingi.

Kasoro zipo. Mhadhiri mmoja alisoma karatasi yake neno kwa neno kwa dakika hamsini, akinukuu Kilatini bila kukitafsiri, na waliokaa nyuma walianza kuondoka mmoja mmoja. Ratiba pia inaegemea mno Ulaya Magharibi: jioni ya Ibn Battuta ilikuwa ya pekee iliyotutoa nje ya bara hilo, jambo lisiloeleweka kwa idara inayojinadi kwamba inafundisha miaka elfu moja ya historia ya dunia.

Nafasi za warsha ni chache na hujaa mapema, hivyo anayezitaka ajiandikishe mara tu ratiba inapotoka. Kwa mihadhara, inatosha kuwahi kiti cha mbele, kwani kipaza sauti cha ukumbi ule hakitegemeki.