Wiki sita katika hosteli ya Ng'ong'ona, Dodoma

Nilifika Dodoma mwanzoni mwa Julai nikitokea Mombasa, kwa masomo ya wiki sita katika mojawapo ya ndaki za Chuo Kikuu cha Dodoma, nikapanga chumba katika hosteli binafsi huko Ng'ong'ona, mtaa unaopakana na chuo na unaoishi kwa kutegemea wanafunzi. Jina la hosteli naliacha, kwa kuwa kasoro zake kadhaa ni za mtaa mzima.

Chumba chenyewe hakina makuu: kitanda, godoro, meza, kiti na dirisha la wavu. Kilikuwa safi, na komeo la mlango lilifanya kazi. Tatizo lilianza kwenye malipo. Msimamizi alitaka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, ilhali alijua tangu mwanzo kwamba sitamaliza hata miwili, na ilitubidi tuvutane kwa adabu siku mbili kabla hajakubali kupokea ya miezi miwili. Baada ya hapo ukaja mchango wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ambao tuliambiwa ni wa kila mwezi lakini ulikusanywa kila Jumamosi bila risiti, na ambaye hakuchangia aliitwa jina mbele ya wenzake.

Maji yanahitaji maelezo marefu kidogo. Yalitoka bombani kwa mgao, siku nyingine usiku wa manane tu, na yaliyobaki yalihifadhiwa katika simtanki moja lililohudumia vyumba kumi na vinne. Yana chumvi. Sisi wa pwani tunadhani tunaijua chumvi, lakini hii ni ya aina nyingine: sabuni ya kipande unaisugua mpaka mkono unachoka na povu halitoki, na birika langu jipya lilipata utando mweupe ndani ya wiki moja, mgumu kama chokaa. Ya kunywa nilinunua dukani. Msimamizi, kwa haki yake, alihakikisha simtanki halikauki hata siku moja, na hilo sikulisikia likisemwa kuhusu hosteli za jirani.

Kilichonifanya nisihame ni kibanda cha mama lishe kilicho ubavuni mwa lango. Saa kumi na mbili asubuhi moto ulikuwa umeshawaka, na kwa kuwa ndaki za chuo zimetawanyika vilimani na daladala za alfajiri hujaa haraka, kupata kifungua kinywa hatua ishirini kutoka kitandani ni faida kubwa kuliko intaneti iliyotangazwa kwenye bango la hosteli (niliipata mara mbili). Siku ya kwanza niliagiza mahamri na sturungi. Mama alinitazama, akaweka mwiko chini, akasema, "Mwanangu, hapa tuna maandazi na chai ya rangi." Kuanzia wiki ya pili hakunipimia chakula mpaka nimsalimu "Mbukwa" kwa Kigogo, na nisipoitamka vizuri alinirudisha nyuma ya foleni, wateja wakicheka.

Mchana alipika wali maharage kama kila mahali, ila siku ya Alhamisi alisonga ugali wa uwele na kuuteremsha kwa mlenda uliokaushwa, uliopikwa na karanga. Sahani ilikuwa shilingi 2,000. Mlenda ule unavutika kutoka sahanini hadi mdomoni kama uzi, na mara ya kwanza niliula kwa heshima tu. Mara ya tatu niliomba kuongezewa. Mgeni anayejifungia na tambi za pakiti chumbani anapoteza nusu ya safari yake. Hiyo nusu huwezi kuipata katika ukumbi wa mihadhara.

Nikipewa wiki nyingine sita nitarudi hosteli ile ile, ingawa si chumba kile. Safu ya mbele hupigwa na upepo wa mashariki usiku kucha, na asubuhi vumbi jekundu huwa limetanda juu ya daftari. Atakayekuja kati ya Juni na Agosti aombe chumba cha safu ya nyuma, abebe sweta nzito na blanketi lake, kwa kuwa baridi ya Dodoma haifanani na chochote tunachokijua pwani, na adai maandishi ya kila shilingi ya LUKU kabla hajafungua begi.