Dune: Ununue Kitabu au Utazame Filamu?

Watazamaji, karibuni tena. Leo mezani tuna Dune: kitabu cha Frank Herbert cha 1965 kuhusu sayari ya jangwa iitwayo Arrakis, na filamu mbili za Denis Villeneuve, ya 2021 na ya 2024. Kama pesa zinatosha kimoja tu, uchukue kipi? Tahadhari, nitafichua mwisho.

Tuanze na hesabu. Ukurasa mmoja wa skripti hutoa takriban dakika moja ya filamu, kwa hivyo filamu ya saa mbili ni kurasa kama 120. Kitabu hiki kinapita kurasa 400. Mwaka 1984 mwongozaji David Lynch alikishindilia chote ndani ya filamu ya dakika 137, kikafurika. Villeneuve alikigawa: dakika 155, kisha 166.

Lakini urefu si kesi. Kesi ni kwamba Herbert huingia vichwani mwa wahusika, hata wawili watatu katika mazungumzo yale yale. Lynch aliyageuza mawazo hayo kuwa minong'ono: mwigizaji amefumba mdomo, sauti yake inatuambia jambo ambalo uso umeshalisema. Tukio linasimama tuli kama matatu inayongoja ijae.

Villeneuve alipata dawa. Kitabuni, Paul, kijana shujaa wa hadithi, ndiye mwenyewe anayeogopa vita vitakavyopiganwa kwa jina lake, na mpenzi wake Chani yuko upande wake. Filamu ya pili inaitoa hofu hiyo kichwani mwa Paul na kumkabidhi Chani, anakuwa ndiye mpinzani. Wazo linageuka ugomvi wa watu wawili, na ugomvi kamera inaweza kuunasa. Mpenzi wa kitabu atanuna. Kwangu, huo ndio mkasi uliokata vizuri kuliko yote humo.

Alipojikata kidole ni kwa Alia, dada mdogo wa Paul. Herbert anaruka kama miaka miwili, Alia anazaliwa, na mtoto huyo ndiye anayemuua Baron, adui mkuu wa familia yao. Kwenye skrini, kitoto kinachoongea kama mzee huchekesha upesi, kwa hivyo Villeneuve alimwacha tumboni mwa mama yake. Gharama yake? Mambo yote yanabanwa chini ya miezi tisa, na Paul anatoka mgeni hadi masihi mbio mbio. Tena, hatuelezwi mbona watu wenye vyombo vya anga hawana kompyuta. Kitabuni, mashine zinazofikiri zilipigwa marufuku baada ya binadamu kupigana nazo, ndiyo maana kuna watu waliofunzwa kupiga hesabu badala yake.

Hadithi fupi huhamia skrini kwa urahisi zaidi. Filamu ya Arrival ya 2016 ilitokana na novela ya Ted Chiang ya 1998, ambamo mama anamsimulia bintiye kwa wakati ujao. Kiswahili kingeimaliza kazi hiyo kwa -ta- tu. Filamu haina vitenzi, kwa hivyo inatanguliza picha za mtoto, nasi tunadhani ni kumbukumbu.

Na Pumzi, filamu fupi ya Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu, 2009, iliandikwa moja kwa moja kwa ajili ya skrini. Mtu anakinga jasho lake kwenye chupa, basi, umeelewa maji ni adimu. Herbert anahitaji aya nzima kueleza vazi linalofanya kazi hiyo.

Kwa hivyo chukua kitabu. Ukinunua cha mtumba kule mjini, fungua nyuma kabla ya kulipa: maana za maneno ya Arrakis ziko kurasa za mwisho, na hizo ndizo huchanika kwanza. Filamu usiitazame kwa simu ukiwa kwenye jua. Mapango yake ni meusi, utajiona uso wako tu.