Kukodi ndege au kununua na wenzako?
Narusha ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wikendi tu, na nimejaribu zote mbili. Kukodi ndege ndogo kama Cessna 172 unalipa kwa saa, ukishuka unarudisha funguo unaenda zako, shida ni ukikosa hela miezi mitatu usiruke, mkono unakuwa mzito kwenye kurusha, na bila kupaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 hubebi abiria. Kwa anayeruka mara moja moja, mi nasema akodi tu. Kununua na wenzako ni raha jamani, lakini ndege inakula hata ikiwa imelala: paking, bima, ukaguzi wa kila mwaka. Yetu mwaka jana fundi alifungua silinda ya injini akanionyesha ufa mwembamba kama unywele, safari ya Lamu ikaishia hapo, tukaanza kuchangishana.