Fundi wa bodi aliyetengeneza gari uani kwetu Chumbageni, Tanga

Baada ya gari letu kugonga nguzo katika barabara ya Pangani, nilimwita fundi wa bodi kutoka Ngamiani aje alitengeneze nyumbani, kwa sababu rejeta ilikuwa imetoboka na gari lisingefika mbali bila injini kuchemka. Kilichonipa imani ni kwamba hakukimbilia nyundo: alichomoa waya wa hasi wa betri, akasubiri kidogo ili mifuko ya hewa inayokinga abiria wakati wa ajali isije ikafumka, kisha akapima kwa utepe kutoka kona hadi kona, apate kujua kama chesisi, yaani fremu ya gari, imepinda au ni paneli inayoshika rejeta tu iliyorudi nyuma. Ilikuwa paneli. Aliivuta taratibu kwa mnyororo na winchi ya mkono, akirudia vipimo kila mara, mpaka kufuli la boneti likafunga bila kulazimishwa. Jambo hilo ni la uhai, kwani boneti ikifunuka gari likiwa mwendoni humziba dereva asione mbele kabisa.

Rejeta na taa zilikuwa za mtumba, nazo zimekaa vizuri.

Sikuridhika na rangi. Pembeni mwa madigadi aliipaka juu ya bati tupu bila kutanguliza praima, yaani rangi ya msingi inayozuia kutu, na kwa upepo huu wa chumvi wa Tanga, kutu ilichungulia mapema. Nilipomweleza alikuja, akakwangua na kurudia bila malipo. Kwa kazi ya bati nitamwita tena. Rangi nitampa mwenye banda lisiloingiza vumbi.