Hirschman au Flyvbjerg: uanze na kipi?

Ukitaka kuielewa miradi mikubwa, vitabu viwili havikwepeki. Cha zamani ni Development Projects Observed cha Albert Hirschman, 1967. Alichunguza miradi 11 iliyokopeshwa na Benki ya Dunia, ukiwemo wa kusambaza umeme Uganda. Mfano ninaoupenda ni kiwanda cha karatasi cha Karnaphuli, katika Bangladesh ya leo: mianzi kiliyoitegemea ilichanua maua, kisha ikakauka. Wahusika wakahangaika huku na huko hadi wakapata mianzi mingine, ya vijijini, ikaletwa kwa njia ya mito. Wangeyajua matatizo mapema, anasema Hirschman, wasingethubutu kujenga, kutojua kuliwafaa.

Bent Flyvbjerg na wenzake wawili, katika Megaprojects and Risk cha 2003, wanashika hesabu. Reli ya chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ilizidi makadirio ya ujenzi kwa asilimia 80. Wanaotaka mradi upite, wanasema, hushusha gharama kwenye karatasi.

Hirschman anasomeka kwa raha zaidi, hilo halina ubishi. Ila anayesaini mkopo wa umma namsihi aanze na Flyvbjerg, hasa sura ya pili, ile ya gharama zilizopanda.