Pampu ya kupimia presha ya rejeta: inafaa kwa gereji ya Kigoma?

Gari likipungua maji bila tone kuonekana chini, kazi hugeuka kuwa ya kubahatisha: leo mpira wa juu, kesho pampu ya maji, keshokutwa rejeta nzima. Pampu ya kupimia presha inakata mchezo huo. Tunayoizungumzia ni ile ya kawaida ya Kichina isiyo na jina kubwa: boksi la plastiki, pampu ya mkono yenye geji inayofika psi 35 (psi na bar ni vipimo vya presha), na vifuniko vya kuunganishia vya rangi na saizi tofauti. Ni ghali kuliko chupa ya dawa ya kuziba rejeta, lakini dawa haikuambii maji yanatokea wapi.

Inavyotumika: injini ipoe kabisa, ndipo ufungue mfuniko wa rejeta na kujaza maji hadi shingoni. Soma namba iliyo juu ya mfuniko. Toyota nyingi zimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani bar, sawa na psi 13 na 16. Funga kifuniko cha kifaa, piga pampu hadi namba hiyo, usizidishe, maana rejeta kuukuu yenye tangi la plastiki inaweza kupasuka mikononi mwako. Subiri dakika 15. Sindano ya geji ikishuka, kuna mahali panavuja: chukua tochi.

Uzuri ni kwamba unatafuta tobo huku injini ni baridi na feni imesimama, kwa hiyo unaingiza mkono popote. Anza pale alumini ya rejeta inapokunjiwa juu ya plastiki. Uvujaji wa hapo huacha ukoko mweupe, au wa rangi ya kulanti (dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji). Kisha miisho ya mipira: mara nyingi mpira ni mzima ila klipu ya springi imelegea. Ukiweka klipu ya skrubu usiikaze kwa hasira, itakata mpira. Halafu pampu ya maji. Chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi, na maji yakitiririka hapo ujue sili ya ndani imekwisha. Kuna wanaokiziba kitundu hicho kwa gundi! Maji yatakosa pa kutokea na yataingia kwenye beringi. Badilisha pampu. Kwa injini ya 1NZ-FE ya IST na Probox pampu huzungushwa na mkanda wa nje, kazi si kubwa. Kwa 3S-FE ya Noah za zamani huzungushwa na mkanda wa taimingi, hivyo badilisha na mkanda kabisa ili usifungue mara mbili.

Sindano inashuka na nje ni pakavu? Gusa kapeti la mbele upande wa abiria. Likiwa na unyevu, au kioo cha mbele kikifanya ukungu wenye harufu tamu, ni rejeta ndogo ya hita. Pakiwa pakavu pia, toa presha, kisha washa injini ikiwa bado baridi na kifaa kikiwa kimefungwa. Sindano ikiruka juu ndani ya sekunde chache, kabla injini haijapata moto, hewa ya silinda inapenya kwenye maji: gasketi ya hedi (kizibo kilicho chini ya kichwa cha injini) imeungua, au hedi yenyewe ina ufa. Zima mara moja.

Udhaifu wa kifaa upo, na mkubwa ni vifuniko. Mpira wa kifuniko usipofika kwenye kikalio cha chini ndani ya shingo, hewa hupita kwenye kimpira chembamba kiendacho tangi la akiba, nawe ukadhani gari linavuja. Ukiona mapovu kwenye tangi hilo, badilisha kifuniko cha kifaa kabla ya kulaumu gari. Kiungio cha kuchomeka, kati ya pampu na kifuniko, nacho huvuja. Kipake maji ya sabuni uone mapovu.

Boksi likiwa na kipande cha kupimia mfuniko wenyewe, hapo ndipo pesa yako inaporudi haraka. Kigoma mjini, karibu mita 780 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 97 hivi; Tabora, mita kama 1,200, nyuzi 96. Mfuniko mzima wa 0.9 huyapeleka karibu 117. Uliochoka huachia mapema, gari linachemsha kwenye mlima wa kwenda Kasulu, na rejeta isiyo na kosa inafunguliwa bure.

Baada ya kutengeneza, weka kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale yanayoongezwa kwenye betri (si asidi!). Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi ya magnesiamu na hayafai rejeta. Ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali. Acha mfuniko wazi, hita kwenye moto wa mwisho, injini iungurume taratibu hadi feni iwake, huku ukiongeza. Ikipoa, pima tena dakika 15. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayorudisha wateja wakiwa wamekasirika.

Kwa gereji, kinunuliwe. Kwa mwenye gari moja hakina haja. Mwombe fundi apime mbele yako. Dawa ya kuziba ibaki ya dharura, mfano ukikwama katikati ya Uvinza na Kaliua, kwa kuwa huziba pia vijia vyembamba vya hita. Ukienda dukani, beba mfuniko wa rejeta yako: ujaribishe na kipande cha kupimia palepale kaunta, upige psi 10, na uangalie sindano kwa dakika 5 kabla ya kutoa pesa.